Uwanja, Nyumba na Kijito: Uchambuzi wa Kisa cha Chama cha Wakazi Pembezoni mwa Mji wa Iringa

Kisa hiki kinahusu chama cha wakazi wa mtaa mmoja ulioko pembezoni mwa mji wa Iringa, ambacho kimejaribu kulinda mambo matatu: uwanja wa wazi ulio katikati ya makazi, nyumba moja ya enzi za Waingereza, na kijito kinachoteremka bondeni kwenda kuungana na mto Ruaha Mdogo. Jina la mtaa na la chama siyataji, kwa sababu baadhi ya mambo bado hayajafungwa na majirani waliotofautiana wanaendelea kuishi ua kwa ua. Uwanja uliokolewa, nyumba ilibomolewa, na kuhusu kijito yapo maafikiano ambayo yamedumu hadi sasa bila mtu yeyote kuyaridhia kikamilifu. Nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu matokeo hayo matatu hayakutegemea sana bidii ya chama, ambayo ilikuwa ileile katika kila jambo. Yalitegemea kilichokuwa kimeandikwa tangu awali, kilisomwa mbele ya nani, na nani aliyehesabiwa kuwa mkazi pale uamuzi ulipofanyika.

Mji wa Iringa umekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, wenye majabali makubwa ya mawe na mabonde yanayoelekea Ruaha Mdogo. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu na baridi. Kwa hiyo kijito kisichokauka mwezi wa Septemba ni mali kubwa kwa watu wanaoishi kandokando yake. Mtaa ninaouzungumzia una sehemu tatu zinazoonekana hata kwa mgeni. Juu kuna viwanja vipana vilivyopimwa zamani, vyenye ua wa michongoma na mijakaranda kandokando ya barabara. Katikati kuna nyumba zilizojengwa kabla ya upimaji, ambazo wenyewe wamekuwa wakizishughulikia kupitia urasimishaji ili wapate hati. Chini kabisa kuna bonde, na bondeni kuna vinyungu, yaani bustani za matuta ambazo Wahehe na Wabena wamezilima kwa vizazi vingi wakati wa kiangazi, kwa kutumia unyevu unaobaki ardhini baada ya mvua kukatika.

Chama kilianzishwa na watu wa sehemu ya juu. Kilianza kama kikundi cha kuchangia mlinzi wa usiku na kuzibua mtaro, na baadaye wazee kadhaa, wengi wao wakiwa watumishi wastaafu, wakaona kinafaa kuandikishwa rasmi. Katiba ikaandikwa, viongozi wakachaguliwa, ada ikapangwa. Katika katiba hiyo kulikuwa na kifungu ambacho wakati ule hakikumshtua mtu: mwanachama ni mwenye kiwanja. Wapangaji hawakutajwa, wala wanawake wanaolima bondeni ambao wengi wao hawana kiwanja popote katika mtaa ule. Kwa maneno mengine, chama cha wakazi kilikuwa chama cha wenye nyumba, tena wenye nyumba za juu. Kifungu hiki ndicho kilichokigharimu chama zaidi kuliko upungufu wa fedha.

Jaribio la kwanza lilikuwa la uwanja. Ni eneo la nyasi linalotumiwa na watoto kuchezea mpira, na familia huweka maturubai pale kunapotokea msiba au harusi, kwa kuwa nyua za sehemu ya kati hazitoshi kupokea watu. Mwisho wa juma, wakati ofisi zote zimefungwa, malori yalimwaga mawe na mchanga kwenye kona yake, na mafundi wakaanza kuchimba msingi. Mtu aliyeagiza kazi hiyo alikuwa na karatasi ya mauziano. Alikuwa amelinunua eneo hilo kutoka kwa mtu aliyedai kwamba ni urithi wa babu yake, na kwa kila dalili alikuwa ametoa fedha zake kwa nia njema.

Vijana walitaka kuyabeba mawe usiku na kuyatupa korongoni. Aliyewazuia ni mpima ardhi mstaafu, mwanachama wa kawaida asiye na cheo, aliyewaambia kwamba mawe yakitupwa kesi itakuwa ya mawe, na uwanja utasahauliwa. Alishauri jambo moja tu: kabla ya barua yoyote, waende wakaombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Naona ushauri huo kuwa ndio kitendo chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kisa hiki. Mchoro ulipopatikana, uwanja ulionekana umewekwa alama ya eneo la wazi, na kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 matumizi ya eneo lililopangwa hayabadiliki kwa mauziano ya watu wawili. Mabadiliko yanahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa mjini ni halmashauri yenyewe. Muuzaji hakuwa na cha kuuza, hata kama babu yake aliwahi kuchunga ng'ombe pale kabla ya mchoro kuchorwa.

Hatua iliyofuata pia ilikuwa ya busara. Chama hakikuandika barua kwa jina lake peke yake. Kilimwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano mkuu wa wakazi, mchoro ukabandikwa ukutani, kila aliyehudhuria akaandika jina na kutia saini kwenye daftari la mahudhurio, na muhtasari ukaandikwa na mtendaji wa mtaa palepale. Barua ilikwenda ngazi ya kata na kwa afisa mipango miji ikiwa na muhtasari huo pamoja na nakala ya mchoro. Anayepokea barua ya chama anaweza kuiona kama malalamiko ya watu wachache wenye muda. Muhtasari wa mkutano wa mtaa ni kitu kingine, kwa kuwa unatoka ndani ya mfumo wenyewe wa serikali za mitaa na lazima upewe majibu. Ujenzi ulisimamishwa kwa notisi. Mnunuzi alilalamika, akaelewa, kisha akaelekeza madai yake kwa aliyemuuzia, na vijana walewale waliotaka kutupa mawe wakamsaidia kuyapakia kwenye lori. Jambo hilo la mwisho lilifanyika kwa pendekezo la mama mmoja wa sehemu ya kati, na nadhani lilizuia uadui ambao ungeusumbua mtaa kwa miaka.

Hata hivyo ushindi huo una pengo. Eneo la wazi halina mwenye hati anayeliamkia kila asubuhi, na mchoro uliomo kabatini hauonekani kwa mtu anayepita njiani akitafuta kiwanja. Chama kimeomba eneo lipimwe na kuwekewa bikoni, yaani alama za mipaka, na bango. Hadi hapo, ulinzi wake ni watoto wanaocheza mpira na watu wazima wanaokumbuka.

Kuhusu nyumba nitasema machache, kwa kuwa kisheria hakukuwa na mengi. Ilikuwa nyumba ya kuta nene za mawe, baraza pana lililozunguka pande tatu na paa la bati, iliyojengwa zama za Waingereza kwa ajili ya mtumishi wa serikali, na baadaye ikamilikiwa na familia ambayo warithi wake wanaishi mikoa mingine. Warithi walitaka kujenga fremu za maduka. Walikuwa na hati na walikuwa na kibali cha ujenzi. Chama kiliandika barua kikisema nyumba ni urithi wa mji, na warithi wakauliza kwa adabu kabisa ni sheria ipi inayosema hivyo.

Jibu ni kwamba haikuwepo sheria iliyoilinda nyumba ile moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayachukulia kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa tu pale waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi. Mpaka huo wa mwaka unaweza kuufaa mji wa pwani wenye magofu ya karne nyingi, lakini kwa Iringa, ambayo kama mji wa majengo ya mawe ilianza miaka ya 1890 baada ya Wajerumani kuibomoa ngome ya Mkwawa kule Kalenga mwaka 1894, maana yake ni kwamba mji mzima umezaliwa baada ya tarehe ya ulinzi. Kila nyumba ya zamani hapa inasimama kwa hiari ya mwenyewe mpaka itangazwe.

Watu wa chama walipenda kutoa mfano wa Boma la Iringa, jengo la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900 kama hospitali, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho na kituo cha utamaduni. Mfano huo ni mzuri, lakini waliusoma nusu. Boma lilikuwa jengo la serikali, na lilipona kwa sababu ilipatikana kazi mpya iliyolipatia sababu ya kuwepo, pamoja na fedha za ukarabati na taasisi ya kulisimamia. Nyumba ya mtaani haikuwa na lolote kati ya hayo. Hakuna aliyewaendea warithi mapema kuwauliza wanahitaji nini, au kuwaonyesha kwamba fremu zingeweza kujengwa upande wa barabara na nyumba ikabaki nyuma yake ikapangishwa kama ofisi au nyumba ya wageni. Barua ya kwanza waliyoipokea kutoka kwa chama ilikuwa ya kuwazuia. Nyumba ilibomolewa kwa siku chache, na mawe yake yakauzwa. Ninasikitika sana kila nipitapo pale, kwa kuwa baraza lile lilikuwa darasa la namna ya kujenga kwa ajili ya jua kali la mchana na baridi ya Julai, na mafundi wanaojenga hivyo wamebaki wachache. Lakini siwezi kusema warithi walikosea. Baada ya hapo chama kimeanza kufanya kile kilichopaswa kutangulia: kuzipiga picha nyumba za zamani zilizosalia, kwa ridhaa ya wenyewe, na kuzungumza nao kabla hawajaamua kuuza.

Jambo la kijito ndilo lenye mafunzo mengi, na ndilo lililokaribia kukivunja chama. Maji yalikuwa yanapungua kila kiangazi, na wakati wa mvua yalikuja mekundu kwa udongo. Viongozi wa chama waliitazama hali hiyo kutoka juu, wakaona vinyungu, wakahitimisha kwamba kilimo ndicho chanzo. Waliandika barua wakinukuu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, pamoja na shughuli ambazo kwa asili yake zinaharibu hifadhi ya eneo hilo. Waliomba wakulima wa bondeni waondolewe. Barua ilisomwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa, kwa utaratibu uleule uliowapa ushindi wa uwanja, na safari hii ukumbi ukawageukia.

Mama mmoja mzee wa bondeni alisimama, akawaamkia watu kwa Kihehe, kisha akamwambia katibu wa chama: "Mwanangu, mimi nimelima pale tangu mama yako hajaolewa, na kijito kilikuwa hakikauki. Mikaratusi ile ya ukingoni ni ya nani?" Watu walikaa kimya kwanza, halafu kukawa na kelele nyingi, kwa sababu kila mtu alijua ni ya nani. Safu ya mikaratusi iliyokuwa juu ya chemchemi ilipandwa na wenye viwanja wa sehemu ya juu, wakiwemo wawili waliokuwa meza kuu, kwa ajili ya nguzo na kuni. Mkaratusi hukua haraka na hunywa maji mengi, na katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini watu wanahimizwa kuung'oa kwenye vyanzo vya maji na kupanda badala yake miti rafiki kwa maji, kama mivengi na mikuyu. Mzee mwingine aliongeza kwamba udongo mwekundu hautoki kwenye vinyungu, kwa kuwa vinyungu hulimwa kiangazi na wakati wa masika vimefunikwa na majani. Udongo unatoka kwenye korongo lililochimbwa na maji ya mtaro wa barabara ya juu, ambao unaishia ghafla kwenye mteremko bila kalivati wala mawe ya kuvunja kasi ya maji.

Mkutano uliahirishwa. Baada ya wiki chache baadhi ya viongozi na wakulima walishuka pamoja bondeni na kulifuata korongo kutoka chini hadi juu. Katika safari hiyo ilionekana kwamba kila upande ulikuwa umesema kweli kwa sehemu. Korongo lilianzia kwenye mtaro, na nyua nyingi za juu zilizosakafiwa zilikuwa zikimwaga maji ya paa moja kwa moja barabarani. Mikaratusi ilikuwa imeizingira chemchemi. Lakini pia palikuwa na matuta yaliyosogezwa hadi kwenye mdomo wa maji, palikuwa na tanuri la tofali lililokula ukingo, na wakulima wachache walikuwa wakiosha mabomba ya kupulizia dawa kijitoni, karibu na mahali ambapo watoto wa chini huchota maji.

Maafikiano yaliandikwa kwenye muhtasari wa mtaa. Wenye mikaratusi waliikata ile iliyo karibu na chemchemi na wakabaki na mbao zake. Kando ya maji uliachwa ukanda usiolimwa, ukapandwa mivengi na matete, na miche inatunzwa na wakulima wenyewe kwa kuwa ndio wanaokuwepo bondeni kila siku. Ufyatuaji wa tofali ulikoma. Vinyungu viliendelea kwa mazao ya msimu tu, bila kibanda wala uzio wa kudumu. Chama kilichukua jukumu la korongo: wakazi wa juu walichanga fedha, vijana walibeba mawe, ambayo Iringa hayajawahi kupungua, wakajenga vizuizi vifupi kuvuka korongo ili maji yatue na kuacha udongo nyuma ya kila kizuizi. Ombi la kalivati limepelekwa TARURA, wakala uliopewa barabara za mijini na vijijini tangu mwaka 2017.

Lazima niseme wazi kwamba maafikiano hayo hayaifuti sheria. Afisa aliyehusika na mazingira aliwaeleza wakulima mkutanoni kwamba muhtasari wa mtaa si leseni, na kwamba siku mamlaka za maji zikiamua kuweka mipaka ya mita 60, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inazitaja, vinyungu vingi vitakuwa ndani ya mipaka hiyo. Bonde lenyewe ni jembamba kiasi kwamba mita 60 kwa kila upande zingezimeza hata nyumba kadhaa. Makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji yako hapahapa Iringa, na wapo waliopendekeza bodi iombwe ije mara moja kuweka mipaka. Wengine walipinga, wakihofia kwamba wakulima wataondolewa kabla ya miti kukua, na bonde lisilo na mtu wa kulichunga litajaa taka na tanuri mpya. Nakubaliana na hawa wa pili kwa sasa, lakini kwa sharti kwamba ukanda wa miti uwe unapanuliwa kila msimu wa mvua. Ukibaki ulivyo kwa miaka mitano, hoja yao itakuwa imekufa, na wanalijua hilo.

Baada ya mkutano ule wa kelele, chama kilipoteza wanachama kadhaa wa sehemu ya juu waliosema kwamba wamedhalilishwa mbele za watu. Wengine walirudi kimyakimya baada ya kuona kwamba maji ya masika yaliyofuata hayakuwa mekundu kama zamani. Ada haijawahi kutosha, na sidhani kama itatosha. Kazi kubwa zote za chama zimefanywa kwa nguvu za watu, mawe na makaratasi.

Tofauti kati ya barua ya uwanja na barua ya kijito inastahili kuangaliwa tena, kwa sababu utaratibu ulikuwa uleule. Katika suala la uwanja, chama kilisimama na mtaa mzima dhidi ya kosa la mtu mmoja, na kila aliyekuwa ukumbini alikuwa amewahi kuketi kwenye uwanja ule kwenye msiba wa jirani. Katika suala la kijito, chama kilisimama na sheria sahihi dhidi ya sehemu ya mtaa wenyewe, tena sehemu ambayo hakikuwahi kuialika kujiunga. Sheria haikuwa na kasoro pale, ila wasomaji wake waliisoma wakiwa juu ya mlima. Wakulima wangekuwa wanachama tangu mwanzo, swali la mikaratusi lingeulizwa kwenye kikao cha ndani, na pengine miaka miwili ya kupungua kwa maji ingeokolewa.

Rasimu ya marekebisho ya katiba sasa ipo mezani. Inasema mwanachama ni mtu yeyote mzima anayeishi au anayelima ndani ya mtaa, akiwa mmiliki au mpangaji, na inatenga nafasi mbili za kamati kwa watu wa bondeni. Imepingwa kwa hoja kwamba mpangaji huhama na kuwaachia wenzake mzigo. Hoja hiyo ina uzito mdogo ukizingatia kwamba warithi waliobomoa nyumba ya mawe walikuwa wenye kiwanja, na walikuwa hawaishi Iringa. Rasimu itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa chama kabla ya mvua kuanza, na mkutano huo huo ndio utakaoamua miche ya msimu huu ipandwe upande upi wa kijito.